Filta Nyuma ya Bampa

Jumamosi, 18 Oktoba

Boneti juu tangu asubuhi. Wikendi ya tatu hii. Sanduku la filta ya hewa lililokuja na gari nimeling'oa, liko chini ya kitanda. Nimefunga vipimajoto viwili vya maabara ya shule ninakofanya kazi ndani ya gari, kimoja juu karibu na injini, kingine chini nyuma ya bampa. Nimepanda milima ya Kilungu na kurudi Mukuyuni. Juu, nyuzi hamsini na nane. Chini, thelathini na tatu.

Jibu ni hilo. Turbo inataka hewa baridi na mimi nimekuwa nikiilisha moto. Paipu ya kuvuta hewa itashuka hadi nyuma ya bampa. Vipimajoto vitarudi Jumatatu kabla mwalimu wa kemia hajavitafuta.

Jumapili, 19 Oktoba

Mwende, mchumba wangu, amekuja baada ya ibada. Bado amevaa nguo za kwaya, akachuchumaa mbele ya gari. Filta inaning'inia shubiri moja na nusu kutoka ardhini.

"Na maji?"

Nimecheka. "Maji gani, Ukambani?"

Hakucheka. Yeye ni nesi, huwaza mabaya kwanza. Mimi nimewaza vumbi. Vumbi ndilo adui huku. Nimeishonea filta soksi ya kitambaa, mishono miwili, kwa mkono wangu. Hakuniuliza kuhusu soksi.

Jumapili, 26 Oktoba

Sauti! Ukikanyaga mafuta inavuma hadi kifuani. Majirani wameliita gari Nzuki, nyuki. Nimefurahi kama mtoto na sioni haya kuandika.

Jumamosi ijayo tunapeleka mbuzi wa ntheo, mbuzi wa posa, kwa kina Mwende, ng'ambo ya Mutomo. Mbuzi wakipokelewa, ni mke wangu. Wasipopokelewa, miaka mitatu imekwenda na maji. Mimi na Mwende tutatangulia Ijumaa. Mjomba Ndambuki na wazee wawili watafuata na mbuzi kwa pikapu. Mjomba ndiye atakayesema. Ndiye baba niliyebaki naye tangu baba afe, na mdomo anao. Mimi kazi yangu ni kukaa kimya.

Ijumaa, 31 Oktoba

Naandikia kwenye kijumba cha wageni nyumbani kwa kina Mwende. Gari limekufa.

Mto wa mwisho, kilomita mbili kutoka hapa. Hauna daraja, ni saruji tu iliyolazwa chini. Maji yalikuwa yanapita juu yake, ya kahawia, yametulia. Mwende akasema tusimame, tuvue viatu, tuvuke kwa miguu tuone kina. Nikasema gari hili lina nguvu. Nikaingia kwa kasi ili nionekane.

Katikati, tk. Si mlio mkubwa. Injini ikasimama kama mtu aliyekabwa.

Probox ya kawaida yenye magunia ya unga ikatupita pembeni. Ikavuka. Dereva akatupungia mkono.

Vijana wa bodaboda wametuvuta hadi hapa kwa kamba. Mzee Kilonzo, babake Mwende, akatoka kutupokea, dereva wa lori mstaafu, mpole. Akauliza nini kimetokea. Nikasema mto ulikuja ghafla, maji yakapanda hadi kwenye taa. Maneno yalinitoka tu. Mwende alikuwa amesimama pale, viatu mkononi.

Jumamosi, 1 Novemba

Mvua ya ajabu huko juu. Mto umejaa kweli leo, unabeba miti. Mjomba amepiga simu kutoka ng'ambo, nami nikamrudia hadithi ile ile ya taa. Wamefika na mbuzi, hawawezi kuvuka, wanarudi kulala Mutomo.

Kwa hiyo niko kwa wakwe bila mbuzi, bila msemaji, bila gari. Mchumba hajisemei. Sina hata ruhusa ya kuanzisha mazungumzo.

Kila mtu sasa anaamini hadithi yangu. Wanautazama mto wanatikisa kichwa. Mungu alikulinda, wananiambia. Ningependa ardhi inimeze.

Jumapili, 2 Novemba

Nthoni. Haya ya mama mkwe na mkwe: hawakutani uso kwa uso. Mama Mwende ni mama wa kanisa, amesema mbele ya watu kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Miguu yake haijapata habari. Asubuhi nimefungua mlango, yeye akiwa njiani na jembe. Akageuka, akaingia vichakani, akazunguka shamba lote.

Nimefunga mlango. Njia ya shambani inapita hapa hapa mlangoni. Na ni wakati wa kupanda, udongo hausubiri mtu.

Basi nakaa ndani. Nachungulia kwanza. Nikitaka kwenda chooni nakohoa mara mbili na kuhesabu hadi ishirini.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua. Nimetoa plagi zote nne na kupiga stata. Maji yameruka hadi usoni kwangu. Nimezirudisha, nikawasha. Ikawaka kwa sekunde tano, ikigonga. Ko, ko, ko. Nimezima.

Najua mlio huo ni wa nini. Maji hayabanwi kama hewa. Kitu kimepinda ndani. Kipimajoto hakikunionya hilo, na mimi ndiye ninayewaoshea wanafunzi vyombo vya fizikia.

Nimempigia mwalimu mkuu simu kumwambia nimekwama. Mtihani wa vitendo uko karibu. Alikata simu kabla sijamaliza.

Jumanne, 4 Novemba

Mwende ameleta chai. Akaiweka kizingitini, hakuingia. Siku nne hajaniambia neno zaidi ya kula na umekula.

Leo alisema. "Mutua, sitaolewa na mtu anasingizia mto."

Nikamwambia nitamweleza babake wakishapokea mbuzi. Akanitazama kama anavyotazama mgonjwa aliyeficha dawa chini ya ulimi. Akaenda.

Nina hasira naye. Nina hasira na Probox. Nina hasira na mvua, na kuta hizi nne za matofali, na kalenda ya duka la mbegu ambayo nimeisoma yote. Nimwambie mzee sasa, ataniona mwongo na mjinga kwa pamoja. Nikinyamaza, Mwende hayupo. Hakuna mlango wa tatu.

Jumatano, 5 Novemba

Mzee Kilonzo amefungua boneti. Mimi nilikuwa dirishani, nikatoka mbio. Amefuata paipu kwa kidole, kutoka kwenye turbo, chini, chini, hadi nyuma ya bampa. Akaikuta soksi yangu, imejaa matope. Akaibinya.

"Gari yako inanusa chini kama mbwa," akasema.

Nikangoja. Ningesema hapo. Mdomo ulikuwa umefunguka kabisa. Yeye akafunga boneti polepole, akaniuliza kama nimezoea ugali wa mtama.

Sikusema. Mimi ni mwoga. Acha niandike kwa kalamu nisiweze kufuta.

Alhamisi, 6 Novemba

Mto umeshuka. Wamevuka saa nne, mbuzi mabegani, Mjomba Ndambuki mbele na kofia yake ya harusi.

Tulikaa barazani. Wanawake jikoni, mlango wazi kidogo. Mjomba akasimama. Sijawahi kumsikia akisema vizuri vile. Alisema juu ya ukoo, juu ya baba yangu, nusura nilie. Kisha akafika kwenye mto.

"Huyu kijana yetu amepita Bahari ya Shamu juu ya msichana yenu. Maji imefika kwa taa! Gari imekufa, yeye hakurudi nyuma."

Wazee wakasema amina. Mzee Kilonzo alikuwa anatazama viatu vyake.

Wakamwita Mwende. Akaja na leso kichwani, akasimama katikati. Mzee mmoja wa kwao akamuuliza kama kawaida.

"Mwende, hawa watu unawajua? Tukule mbuzi yao?"

"Kwanza yeye mwenyewe aseme. Hiyo Ijumaa maji ilikuwa inafika wapi?"

Wazee wote wakanigeukia. Mjomba akanitazama pia, bado anatabasamu, akiniamini. Hilo ndilo lililoniuma, tabasamu lile. Alikuwa ameapa kwa neno langu.

Nikasimama. Nikainama, nikaweka mkono kwenye mguu, chini ya goti.

"Ilikuwa hapa. Probox ilitupita pembeni na magunia, ikavuka. Mimi ndio nilishusha paipu ya hewa chini, na Mwende aliniuliza juu ya maji nikamcheka. Mjomba hakujua. Nilimdanganya yeye pia."

Mjomba akakaa. Alikaa kama mtu aliyesukumwa.

Nikasikia sufuria ikiwekwa chini jikoni.

Mwende hakunitazama hata kidogo. "Kuleni," akawaambia wazee, akarudi ndani. Mgongo wake ulikuwa umenyooka.

Mbuzi wakapokelewa. Mzee Kilonzo akanipa mkono, akaushika muda mrefu kuliko kawaida. Nyama ikaiva. Mjomba hakula. Alisema ana kidonda cha tumbo.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimeondoka kwa bodaboda. Gari limebaki kwao. Mama Mwende amepanda ndengu pande zote, mistari imekaribia magurudumu. Mzee anasema litatoka baada ya mavuno, na kwamba ana rafiki fundi Kitui mjini. Sikubisha.

Mwende amenisindikiza hadi mtoni. Amenishika mkono mbele ya watu. Nilitaka kumuuliza angefanya nini kama ningesema vingine. Nikaacha. Najua.

Jumanne, 11 Novemba

Mukuyuni. Nimerudi maabara. Nimeosha mirija ya majaribio, nimepanga vichomeo vya gesi, nimepokea maneno ya mwalimu mkuu nikiwa nimesimama. Aliuliza kama ni mafuriko. Nikamwambia si mafuriko, niliingiza gari majini kwa kiburi. Akaniambia nikague gesi.

Mjomba hapokei simu. Nimepiga mara tisa tangu Alhamisi. Mkewe anasema yuko shambani, na sauti yake haijui kudanganya.

Mwende amesema niache kupiga, niende mwenyewe. Nitaenda Jumapili. Anakaa juu kabisa Kilungu, pale njia ya gari inapoishia. Nitapanda kwa miguu. Sijui nitaanza vipi. Labda nitamkuta akilisha ng'ombe, nichukue panga, tukate majani kwanza.