Dirisha la Arobaini na Moja

Dukani kwa Baba,
Chumba cha nyuma.
Jumanne, 14 Agosti.

Mpendwa Kaka,

Habari za huko, na je, baridi imeshauachia mgongo wako? Wifi hajambo? Wanao wanakula, au bado mpaka uwabembeleze? Sisi tuna afya. Mama anakula, analala, na ameanza tena kugombana na redio. Mimi sijambo, kwa maana ya kwamba hakuna kinachoniuma. Tangu mazishi nimekuwa kama mguu uliokufa ganzi. Natembea, lakini chini sipahisi.

Hukuja kumzika Baba, nami sikuandikii kukulaumu. Ulipolikataa duka lake ukaondoka, sote tuliamini hataki tena kukuona. Hata mimi.

Duka nimelifungua. Watu wanaleta kazi za kuchapa, nawachapia, wanaondoka. Shangazi anasema nina moyo mgumu. Sina hata nguvu ya kumbishia.

Sasa nikupe habari ya kompyuta. Unakumbuka Baba hakuwa mtu wa kufunga kitu. Kila kazi ya mteja aliiacha wazi kwenye dirisha lake, na jioni akailaza kompyuta bila kuizima. Nilipoishika, madirisha yalikuwa yamelaliana, ukitafuta kadi ya harusi unapata ripoti ya shule. Fundi wa kompyuta, yule wa maneno mengi, akaniwekea programu ya kuyapanga, niijaribu bure siku kumi na nne. "Dada, hii itakunyooshea kila kitu," akasema, "wewe kazi yako kubofya tu."

Kusema kweli ni nzuri. Inayapanga bega kwa bega, ya kazi moja inayaweka pamoja, na lililojificha nyuma inalileta mbele. Wiki ya kwanza nilifurahi, au nilijua kwamba hapo mtu hufurahi.

Jana ikaniuliza kama nataka kufunga madirisha ambayo hayajaguswa kwa siku sitini. Yalikuwa arobaini na moja. Nikakubali. Ikawa inaleta moja moja, kuanzia lililoachwa zamani zaidi, na kila moja inauliza kama nataka kulihifadhi. Wateja wale walishachukua kazi zao, basi nikabofya hapana, hapana, hapana, kama karani anayegonga mihuri. Hata kusoma sikuwa nasoma.

La mwisho, kidole kilisimama chenyewe. Juu paliandikwa: "Mpendwa mwanangu, Bwana Mkubwa." Kaka, hakuna mwingine ambaye Baba alimwita hivyo ila wewe.

Unajua alivyokuwa akiandika barua za wateja. Kwanza kichwa, kisha mkia, ndipo arudi kujaza tumbo. Yako ina kichwa, chenye tarehe ya mwezi wa pili. Mkia unasema: "Ni mimi baba yako, ambaye hajakukasirikia." Katikati hamna kitu, weupe mtupu. Hakuwahi kuihifadhi.

Nikatazama iliguswa lini mwisho. Ni mwezi wa tano, asubuhi ile tuliyompeleka hospitali asirudi, saa moja kasoro robo. Sisi tulikuwa nje tukimpigia honi, tukisema mzee na ukaidi wake.

Ningependa kukuambia nililia. Sikulia. Niliketi tu, mkono juu ya kipanya, mpaka mteja akagonga kaunta. Nisamehe kwa kutokukuita kwa nguvu wakati wa msiba. Na nisamehe kwa zile hapana arobaini, maana ilibaki moja tu.

Nimeichapa, imo humu kwenye bahasha. Nimeihifadhi pia, kwa jina lako. Mama sijamwonyesha. Nataka uje umsomee wewe, ukiwa umekaa kwenye kiti cha Baba. Ni mistari miwili tu, haitakuchosha.

Nisalimie Wifi, na wanao waambie shangazi yao anawabusu. Shangazi yetu anakusalimu, na Mama anauliza kama bado unakohoa. Mungu akulinde njiani.

Leo asubuhi, kabla sijaihifadhi, programu imeniuliza tena kama nilifunge lile dirisha. Nimebofya hapana, na safari hii nilisoma kwanza.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Katibu, kama mlivyonibatiza wewe na Baba