Bibi Hataki Madumu Yatobolewe

Mpendwa mshauri, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele yangu kuna mchicha unaokufa, na nakuomba sana usome barua yangu redioni kabla ya Alhamisi, sababu nitakueleza.

Mimi ni mwanafunzi, ninaishi na mama yangu na bibi mzaa mama katika chumba cha kupanga chenye kiua kidogo nyuma, ukitandika mikeka miwili kimejaa. Bibi alikuwa mkulima mpaka miguu ilipomshinda, ndipo mama akamleta kwetu, na tangu afike alikuwa analala akiangalia ukuta, ukimsalimia anaitikia, ukimuuliza jambo anasema, "Amueni nyinyi," mpaka siku niliporudi kutoka shuleni nikamwambia tumefundishwa kwamba mboga zinaota hata kwenye vyombo vilivyochakaa, akageuka, akakaa kitako, akaniuliza, "Vyombo gani?"

Mshauri, bibi alikuja kwetu na madumu yake yote ya kutekea maji, majirani wanamwita Bibi Madumu, basi tuliyakata juu kwa kisu, tukajaza udongo na samadi, tukaongeza na ndoo ya rangi niliyoiokota, tukapanda mchicha na nyanya, na bibi akawa anaamka kabla yetu na kuimba, jambo ambalo mama alikuwa amelisahau kabisa.

Tatizo ni kwamba mwalimu alisema chombo kitobolewe chini, na bibi alikataa katakata. Kukata juu alikubali kwa kuwa dumu bado linashika maji, ila kutoboa chini alisema ni kuliua. Alinishika mkono uliokuwa na msumari akasema, "Mjukuu wangu, maji nimeyafuata mbali maisha yangu yote. Nimeziba matundu kwa sabuni, nimeziba kwa plastiki ya kuchoma. Leo unifundishe kutoboa?" Nikaurudisha msumari mfukoni, maana niliogopa asije akarudi kwenye ukuta wake.

Sasa bibi anamwagilia asubuhi, mimi namwagilia nikitoka shule, na mama akirudi kazini bibi anamwambia, "Mimina na wewe, mwanangu, zikujue," naye anamimina. Udongo umekuwa tope, majani yamekuwa ya njano, na kiua kinanuka. Jirani yetu fundi viatu alichungulia juu ya ukuta akauliza, "Bibi Madumu, huo ni mchicha au unafuga samaki?" Bibi alimjibu, "Wakikua nitakukaangia mmoja, ufunge huo mdomo," wakacheka wote, lakini alipoingia ndani aliniambia kwa sauti ndogo, "Labda mkono wangu umeshakufa."

Mama ni msafishaji hospitalini, kutwa anasafisha uchafu wa watu, na amesema Jumamosi akikuta harufu hii tena, kila kitu kinaenda jalalani na tusimlilie. Alhamisi bibi anakwenda kliniki. Msumari nimeshauficha chini ya godoro. Je, niyatoboe akiwa hayupo? Nikimngoja, mboga zinakufa, na nikimzunguka atajua tu, kwa sababu anayajua madumu yake moja moja kama mtu anavyojua watoto wake. Naomba uniambie la kufanya.

Mjukuu wa Bibi Madumu

Jibu la mshauri

Marahaba, mjukuu. Barua yako nimeirukisha foleni, kwa hiyo nisikilize vizuri. Kwanza, toa huo msumari chini ya godoro kabla haujamchoma mtu.

Umemgeuza bibi yako kutoka ukutani, na hilo limewashinda watu wazima wengi. Sasa unataka kumrudisha huko mwenyewe? Akitoka kliniki akakuta madumu yake yanavuja, mchicha hatauona. Ataona kwamba hata hivi vitu vichache alivyobaki navyo vinaamuliwa akiwa amepewa mgongo.

Halafu ulimpelekea bibi amri ya mwalimu, sababu ukaiacha darasani. Kwa nini? Shambani kwake maji yakizidi yanazama yenyewe ardhini, hajawahi kuyatafutia mlango. Dumu halina ardhi chini yake. Mizizi imekaa ndani ya maji na haipati hewa. Mwambie hivyo, na umwambie wazi kwamba mkono wake ni mzima, mboga zinazama tu. Na ukubali kwamba mlizizamisha wote watatu kwa upendo.

Kinachomuuma bibi ni kuona maji yanapotea, basi yasipotee. Leo, usingoje Alhamisi, mwombe achague dumu moja tu la kutoboa. Liwekeni juu ya vipande vya tofali, na chini yake beseni. Maji yatakayotoka ayaone kwa macho yake, ayachote, ayatumie tena. Akiridhika, mtaendelea na mengine. Asiporidhika, utamwacha, utajaribu tena kesho kwa adabu.

Miche iliyooza ing'oe. Yenye mizizi bado myeupe ihamishie kwenye udongo mpya. Anayemwagilia awe bibi peke yake, tena achomeke kidole kwanza, akikuta unyevu aache. Wewe na mama yako wekeni mikono mfukoni. Na ile ndoo ya rangi, mjukuu, uliiokota bila kufikiri! Hujui rangi ile ilikuwa na nini, na mboga hizo mtazila. Usipande kitu humo, wekea sepetu.

Mama yako usimfiche. Mwambie harufu haitaisha kwa siku mbili, umwonyeshe maji yanavyotoka, umwombe wiki moja. Anayesafisha uchafu kutwa ana haki ya kurudi kwenye nyumba isiyonuka, lakini pia amemsikia mama yake akiimba. Atakupa hiyo wiki.

Dumu moja msilitoboe. Lile ambalo bibi analipenda kuliko yote litolewe udongo, lioshwe, libaki bila tundu hata la sindano, liwe la maji ya kumwagilia, na mwenye kulishika awe yeye.

Fundi viatu, kwa kuwa mdomo anao, alete na koleo la kushikia msumari. Aupashe msumari moto, aukabidhi kwa bibi. Wewe shika dumu lisiteleze.