Neti Niliyofunikia Ulezi

Jumamosi, Julai. Upepo unavuma tangu alfajiri hapa Kizwite, ule unaopenya hata sweta mbili. Nimekaa jikoni karibu na mkaa, naandika taratibu. Sina haraka leo.

Neema, binti yangu wa miaka saba, bado ana hogo, ile plasta ngumu ya hospitali, kwenye mkono wa kushoto. Wiki tatu zilizopita alianguka kutoka kwenye trampolini tuliyonunua mtumba, akavunjika. Majirani wote wanajua hivyo. Wanajua pia kwamba alikuwa akiruka na Anjela, mtoto wa nyumba ya pili, mwenye miaka kumi, na kwamba Anjela ndiye aliyemrusha nje.

Hiyo ndiyo habari niliyoisambaza mimi. Leo naandika iliyobaki.

Trampolini ile ilikuja na neti ya kuizungushia ili mtoto asirushwe nje, ndefu kunishinda. Mwezi Juni mama mkwe akatuletea ulezi kutoka kijijini, tukauanika uani juu ya turubai. Kuku wa mtaa mzima wakapata habari. Sasa mimi, mtu wa Mbeya niliyeolewa Ufipani, nitamwambiaje mama mkwe kwamba ulezi wake umeliwa na kuku? Nikaifungua neti, nikaufunika. Ilienea vizuri ajabu. Mama mkwe akanisifu mbele ya mawifi, nikavimba kichwa siku nzima.

Ulezi ukakauka, ukapurwa, ukaingia kwenye magunia. Neti ikabaki stoo, imekunjwa. Kila nikiiona nasema nitaifunga kesho.

Nilijua ni hatari. Nilijua pia kwamba watoto wasiruke wawili, maana mzito akitua, mwepesi anarushwa juu. Siku ile nilikuwa nasugua masufuria pale nje. Nikawaona wawili juu, wanacheka, nikaendelea na masufuria yangu.

Kisha nikasikia kilio.

Hospitali waliuliza ilikuwaje. Nikasema karushwa na mwenzake. Si uongo, ndiyo ubaya wake. Baba Neema akalichukua hivyo, na mtaa nao ukalichukua. Wanasema nyani haoni kundule. Mimi la kwangu nililiona vizuri sana, nikalikalia.

Tangu hapo Anjela hajakanyaga kwetu. Akitumwa dukani anazunguka nyuma ya nyumba ili asipite getini petu. Jana Neema akaniuliza kama Anjela amehama. Niliona aibu, nikajifanya sijasikia.

Leo asubuhi nikajifunga kitenge, nikaenda. Nilimkuta mama yake anachambua maharage. Nikamweleza yote: kuku, ulezi, neti, masufuria. Alinisikiliza bila kuinua uso. Kisha akasema, "Mama Neema, mimi mtoto nilishamchapa kwa ajili ya jambo hili."

Nikaomba radhi. Halafu nikaomba aitwe Anjela mwenyewe.

Akaja, akanipa shikamoo, akasimama mlangoni akitazama miguu yake. Nikamwambia neti niliitoa mimi, na niliwaona wakiruka wawili nikanyamaza, kwa hiyo kosa ni langu.

Akanitazama. "Kwa hiyo Mama Neema, siyo mimi niliyemvunja?"

"Siyo wewe, mwanangu. Nisamehe."

Alikaa chini palepale kizingitini, akalia kwa sauti, mtoto mkubwa wa miaka kumi. Mama yake akayaacha maharage, akaenda kumshika. Mimi nikabaki nimesimama na kitenge changu.

Wiki tatu mtoto yule amekuwa akilala akiamini kwamba amemvunja rafiki yake mkono, na mimi nalala nyumba ya pili.

Hogo la Neema litafunguliwa hivi karibuni, daktari ameshasema. Na Anjela je, yeye atapona lini?