Bampa ya Landrova ya Kamau

Kaloleni, Jumamosi, Agosti 1979

Nilipima mlango ukiwa umefungwa. Miaka kumi na miwili nachomelea vyuma, na bado nikapima mlango ukiwa umefungwa!

Jana nilimfungia jirani yangu Kamau bampa mpya ya nyuma kwenye Landrova yake, nikajisifu kwamba hata lori haliwezi kuikunja. Leo asubuhi tukawa tunampeleka mama yake Murang'a kuzikwa. Mlango wa nyuma, ambao hufunguka kwa kushushwa, ukashuka nusu, ukagonga bampa yangu, ukakwama.

Ikabidi jeneza liingizwe garini kwa kupitishwa juu ya mlango, limeinama upande mmoja. Akina mama waliokuwa wakiimba wakakatiza wimbo.

Nikakimbilia spana. Kamau akanishika mkono. Siku zote huniita Baba Wanjiru.

"Acha, fundi," akasema. "Tutachelewa."