Karanga za Mbegu

Jumapili, 17 Julai 1994

Baridi. Upepo na vumbi lake. Nimefua, nimelala, nimeamka, nimelala tena. Daktari amesema presha haitaki mzaha: hakuna kutunga hadithi mpaka baridi iishe. Shajara hii sijamwambia.

Kila mwaka mvua ni ya jembe, kiangazi ni cha kalamu. Mwaka huu kiangazi kimekuwa cha kitanda. Na hadithi ninayo kichwani, ya mjane aliyeficha chemchemi chini ya kitanda chake mwaka wa ukame. Nakereka.

Tabu ameleta uji wa uwele. Tunafundisha shule moja hapa Chang'ombe, si ile ya Dar, tunalima shamba moja kule Mkonze, urafiki wetu ni wa tangu chuoni Mpwapwa. Amesema, "Pumzika, mama Neema. Hadithi haiozi." Nikatulia.

Jumamosi, 13 Agosti

Tabu tena. Amenikuta na karatasi tupu mezani, akazikusanya, akaziweka juu ya kabati. Nimecheka. Nina bahati ya rafiki. Amevaa viatu vipya, si vya mtumba. Sikuuliza.

Alhamisi, 8 Septemba

Nilikwenda mashineni kusaga mtama. Kina mama kwenye foleni walikuwa wanasimuliana hadithi ya gazeti inayotoka kila wiki, katika moja ya haya magazeti mapya yanayokuja kwa basi kutoka Dar. Mjane. Ukame. Chemchemi chini ya kitanda. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, hujaisoma? Kaitunga mwenzako, Mwalimu Tabu." Alikuwa anajivunia kwa niaba ya mtaa mzima.

Unga wangu nimeusahau kulekule.

Ijumaa, 9 Septemba

Sikulala. Hadithi hii sijaiandika popote. Niliisimulia Novemba iliyopita tu, tulipokuwa tunabangua karanga za mbegu. Kwetu, anayebangua mbegu lazima aongee au aimbe. Mdomo unaosimulia hautafuni. Bibi alitusimamia hivyo na mimi nimeshika hivyo. Basi nikasimulia, jioni baada ya jioni. Tabu kimya kabisa, macho chini. Nikafurahi, nimepata msikilizaji. Tulipofika shambani mbegu zikapungua, kipande cha juu kikabaki kitupu. Nikawalaumu panya.

Kumbe alikuwa anatafuna. Karanga na hadithi, vyote.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Wangu alikuwa mkekani, na chai nilimpa mwenyewe. Namchukia.

Jumatano, 21 Septemba

Nimerudi kazini. Tabu akiniona anageukia dirishani. Hajaja nyumbani tangu nijue. Uji wake nimeukumbuka, na hilo limeniudhi kuliko yote.

Jumapili, 30 Oktoba

Joto. Tabu amekuja, kapiga hodi kwa sauti ndogo, kilo ya sukari mkononi. Hakuomba radhi. Amesema mimi nilikuwa mgonjwa, hadithi ingelala bure, na siku hizi ni ruksa, kila mtu anachukua riziki anakoiona. Kisha akafikia kilichomleta. Mhariri anataka mwisho. Mwisho hana, maana karanga ziliisha kabla sijafika huko.

"Yule mjane anaishiaje?" ameniuliza, kama anaomba chumvi.

Nimemwambia, "Niko mapumzikoni, Tabu. Si ulisema hadithi haiozi?"

Ameondoka na sukari yake. Nimefunga mlango nikalia kama mtoto. Nilitaka aseme samahani. Angesema, pengine ningempa huo mwisho.

Jumamosi, 26 Novemba

Mashineni. Hadithi ya gazeti imekwisha: mjane kapigwa radi. Kina mama wamekasirika. Mama mmoja wa Mkonze ameuliza, radi gani hiyo mwaka wa ukame? Nimecheka njia nzima, halafu nikaona hakuna wa kumsimulia.

Jumamosi, 3 Desemba

Mawingu upande wa Mpwapwa. Shamba tumeligawana na Tabu, tumepanda ua wa minyaa katikati. Alichimba upande wake, nikachimba wangu.

Leo nimekaa mkekani peke yangu na karanga. Mwanangu Neema yuko shuleni, bwenini. Mdomo lazima uongee, basi nikasimulia kwa sauti, tangu mwanzo, mpaka pale mjane anapobomoa nyumba yake mwenyewe kwa jembe ili ng'ombe wa kijiji wapate kunywa. Walikuwepo kuku tu. Nikajilaza kidogo. Nilipoamka nikashusha karatasi za juu ya kabati, nikaandika ukurasa mmoja, nikaacha. Kesho mwingine. Mvua ikija nitaandika hata na mvua.

Ndoo imejaa. Mwaka huu mbegu zitafika kipande cha juu.