Meli Ilipopita Nuugaq

Kwa mwanangu Nivi, huko Denmark,

Baba yako anakusalimu, mgongo wake umepata nafuu. Bibi yako anakusalimu, bado anaficha sukari. Shangazi yako Else anakusalimu, na mbwa wote kumi na mmoja hawajambo. Mimi mzima. Wewe na hilo tumbo je, unakula?

Wiki jana ile meli kubwa ya watalii ilitubeba akina mama tukawaimbie wageni. Nilishika vyuma vya ukingoni kwa mikono miwili, Else akanicheka: "Wifi, iachie meli ya watu, haitoroki!" Tukapita Nuugaq, kijiji chetu cha zamani. Nyumba yetu haina tena mlango, lakini kile kilima mlichokuwa mkichuma matunda meusi, wewe na kaka yako, midomo myeusi kama masizi, kiko vilevile.

Kisha tukafika pale barafu ilipomkatikia kaka yako Pavia mwezi wa Machi, bahari ikamchukua. Wageni walikuwa wakishangilia mlima wa barafu wa buluu. Mimi nilivua kofia.

Mwanangu, jina la kaka yako bado halijapata mtoto wa kulibeba. Jirani anayekaribia kujifungua ameliomba. Nikamwambia, "Ngoja kidogo, mwenzangu, nimuulize dada mtu." Huyo wako wa tumboni, awe wa kike, awe wa kiume, mwite Pavia, kaka yako arudi kwetu. Najua mumeo Mdenmarki ataona ni mambo ya kizamani. Mwambie taratibu. Nijibu upesi, maana mtoto wa jirani hatasubiri barua.

Mama yako,
Bolette