Nilimwambia Babu Kadi ya Pikipiki ni Kamba

Mpendwa shangazi Maua, shikamoo. Naomba msaada wako, ila tafadhali unijibu hapa hapa gazetini, usinisome kwenye kile kipindi chako cha redio, maana redio babu haimpiti hata akiwa anakamua ng'ombe, na Kiswahili asichokielewa anauliza, na jambo lenyewe linamhusu yeye.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, kwetu Zagayu, nina aibu sana, darasani hata nikijua jibu nasubiri mwingine alitaje, sasa mwezi uliopita babu akaamua kununua pikipiki iliyotumika ili kaka yangu Kulwa afanye bodaboda, tukaenda Lamadi kwa mtu anaitwa Mayunga, jina la Kisukuma ila Kisukuma chenyewe hakijui, na babu akanichukua mimi badala ya Kulwa kwa sababu kadi ya pikipiki imeandikwa Kiingereza na yeye hata Kiswahili anakiongea akilazimika tu, nyumbani ni Kisukuma mwanzo mwisho.

Babu aliikagua ile pikipiki kama yuko kwenye mnada wa ng'ombe, akaizunguka, akaipiga kofi kwenye siti, akachungulia chini, halafu akaniambia niulize kama ina tabia ya kupiga mateke, nikauliza huku nataka kufa kwa aibu, Mayunga akacheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Mwambie mzee hii haipigi mtu teke, hii unaipiga teke wewe ndiyo inawaka!" Nikatafsiri, babu naye akacheka, wakapatana, nikaisoma kadi, jina lilikuwa la Mayunga mwenyewe na namba za chesisi na injini zikalingana, mpaka hapo nilikuwa sijakosea kitu.

Ndipo babu akauliza hicho kikaratasi kazi yake nini hasa. Shangazi, kile Kiingereza nilikigeuza Kiswahili kichwani vizuri kabisa, ila kutoka Kiswahili kwenda Kisukuma nikakwama, wote wananitazama, nikasema neno la kwanza lililokuja, "Ni lugoye," yaani kamba, nikimaanisha ndiyo inayoifunga pikipiki kwa mwenyewe. Kumbe kwa babu ukinunua ng'ombe unakwenda na kamba yako, ya muuzaji unamwachia, ukiondoka nayo umeondoka na bahati ya zizi lake. Basi akamrudishia Mayunga kadi kwa mikono miwili, "Kamba yako hii, baki nayo."

Mayunga akashangaa, akanigeukia, "Binti, kweli mzee hachukui kadi?" Mimi nikaangalia viatu vyangu. Akasema, "Haya, nawatunzia, mkiihitaji mje." Tukaondoka.

Sasa kila mgeni akija babu anamwambia bila mjukuu wake msomi angetapeliwa, trafiki ameshamsimamisha Kulwa akamwachia kwa onyo, Kulwa anadhani kadi iko kwenye sanduku la babu, na jana nimesikia Mayunga anahamia Mwanza mwisho wa mwezi huu. Nikisema ukweli babu ataaibika kwa wote aliowasimulia, nisiposema pikipiki itakamatwa. Nimuanzeje, shangazi?
Mkalimani, Zagayu

SHANGAZI MAUA ANAJIBU

Marahaba, mkalimani. Kwanza ngoja nifute machozi, hilo la mateke limenimaliza.

Haya, nimemaliza kucheka, sasa nikuseme. Kukwama kwenye neno nimekusamehe, wanakwama watu wazima wenye mishahara. Kuangalia viatu sitakusamehe! Mayunga alikuuliza kwa Kiswahili safi, jibu lilikuwa "tunachukua," neno moja, ukalimeza. Aibu yako imemwingiza kaka yako barabarani na pikipiki ambayo kwa karatasi bado ni ya mtu wa Lamadi.

Huyo Mayunga simwoni kama tapeli. Tapeli hakuulizi kama unaacha kadi. Mpigieni leo kabla hajafunga mizigo. Nendeni na karatasi ya mauziano, na kama hamkuandikishana, andikishaneni sasa mbele ya mashahidi. Chukueni kadi na nakala ya kitambulisho chake, kisha mwombeni mwongozane naye TRA mkabadilishe jina. Na Kulwa aiegeshe mpaka hapo. Onyo la trafiki halitolewi mara mbili.

Unauliza umuanzeje babu. Gazeti hili nani anamsomea kama si wewe? Basi kaa naye, fungua ukurasa huu, msomee kuanzia barua yako, kwa Kisukuma, usiruke mstari. Na safari hii tafsiri vizuri, kwa sababu yanayofuata ni yake.

Mzee wangu, shikamoo. Mjukuu wako hakukudanganya, alikosa neno. Ile kadi siyo kamba. Ni ile alama ya moto kwenye paja la ng'ombe, inayosema huyu ni wa boma gani. Wewe umenunua ng'ombe wangapi maishani? Kuna hata mmoja uliondoka naye ukamwachia muuzaji paja? Wageni uliowasimulia wasikusumbue, waambie mjukuu wako alikagua namba zote zikalingana, na hilo ni kweli tupu.

Ila desturi yako usiiache. Mkifika Lamadi piteni sokoni kwanza, nunueni kamba mpya, ya katani, nzuri. Mayunga akinyoosha mkono kutoa kadi, wewe nyoosha wako umpe kamba yake.

Na wewe binti, siku hiyo utafsiri ukiwa umeinua uso.